Kanda ya Mlio wa Taipureta



Wiki tatu zilizopita tulikwenda Mji wa Kale, Mombasa, kumjulia hali bibi mmoja aliyekuwa ametoka hospitali. Nyumba hiyo twaijua tangu zamani, kwani mjukuu wa bibi huyo tulimfundisha madrasa tangu akiwa msichana wa miaka saba. Leo ni mke wa mtu na mama wa mtoto wa miaka minne, na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta kwa kampuni iliyoko ng'ambo, ambako hajawahi kufika.

Tulipoketi sebuleni, bibi aliweka kidole mdomoni. "Yuko kazini," akanong'ona, huku akituonyesha mlango wa chumba cha ndani. Basi tukanywa chai ya tangawizi na mahamri kwa kunong'onezana kama wezi. Mtoto alikuwa amepewa simu atazame katuni zisizo na sauti. Punde wakati wa alasiri ukaingia. Msikiti wetu uko nyumba ya nne kutoka hapo, na kipaza sauti chake tulikinunua sisi wenyewe kwa michango, tukahakikisha kwamba ni kikubwa. Adhana ilipoanza, tukaisikia sauti ya yule binti kutoka chumbani ikikatika ghafla katikati ya neno la Kiingereza.

Alipotoka alitusalimu kwa adabu, kisha akasema, "Maalim, kunradhi. Ilibidi nizime sauti upande wangu. Huwa nawaambia kwamba mtandao umekatika."

"Kwa nini usiwaambie kwamba ni adhana?" tukamuuliza.

"Adhana si tatizo, Maalim. Tena wengine huipenda. Tatizo ni mtoto. Nikiiwacha sauti wazi na yeye alie, watajua."

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba kwa miaka miwili amefanya kazi na watu hao, akizungumza nao karibu kila siku, na hakuna hata mmoja ajuaye kwamba yeye ni mama. Anachelea kwamba wakijua watampa kazi nyepesi zisizo na malipo mazuri, au mkataba ukiisha hawataurefusha. Akatueleza kwamba yeye na wenzake wa fani hiyo, walioko Nairobi, Lagos, Karachi na kwingineko, huyajadili mambo hayo usiku kucha: je, ni bora kufanya kazi nyumbani au kuhamia mji wenye ofisi? Je, mtu asiyeonekana atapandishwa cheo? Je, ni haki kulipwa pungufu kwa sababu unaishi mahali ambapo kodi ya nyumba ni nafuu? Na mwanamke aseme kwamba ana watoto, au anyamaze?

"Na hapa nyumbani je?" tukauliza.

Bibi akacheka hata akakohoa. Binti naye akatabasamu. "Mavyaa wangu akija akanikuta mbele ya kompyuta, huniambia, 'Mwanangu, maadamu huna kazi, njoo unisaidie kumenya vitunguu.' Basi Maalim, ndiyo hali yangu. Kazini hawajui kama niko nyumbani, na nyumbani hawajui kama niko kazini."

Tulicheka pamoja nao, lakini tuliporudi kwetu kicheko kile hakikutukaa vizuri, kwani katika jambo hili na sisi tuna mkono wetu. Binti huyu alipomaliza kidato cha nne, babake alitujia kutaka shauri: amsomeshe nini? Tukamwambia amsomeshe kompyuta, kwa kuwa ni kazi awezayo kuifanya nyumbani bila ya kutoka. Tulilitamka hilo kwa wepesi, kama kwamba kufanya kazi nyumbani ni jambo lililokwisha kutatuliwa, na kilichobaki ni kununua mashine na kulipia mtandao.

Maneno ya yule binti yalitukumbusha habari za mwanamke mmoja wa Uingereza, Stephanie Shirley, aliyefariki Agosti 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Tunaomba ruhusa tuwasimulie kwa kirefu kidogo, maana maswali yale yanayowakesha vijana wetu, mwanamke huyo aliyakabili zaidi ya miaka sitini iliyopita, kabla hapajakuwa na intaneti wala simu ya mkononi.

Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, mwaka ule ule Wanazi waliposhika madaraka, akaitwa Vera Buchthal. Babake alikuwa hakimu, naye alikuwa Myahudi, na kwa sababu ya asili yake akaondolewa kazini. Mwaka 1939, Vera akiwa na miaka mitano na dadake Renate akiwa na tisa, wazazi wao waliwapandisha treni mjini Vienna pamoja na watoto wengine waliokuwa wakipelekwa Uingereza bila ya baba wala mama. Watoto wapatao 10,000 waliokolewa kwa safari za namna hiyo kabla ya vita kuanza. Vera na dadake walipokewa na mume na mke wasiowajua, wakalelewa nao. Kina mama wanaotusoma wataelewa bila ya sisi kusema lolote maana ya kumpandisha mtoto wa miaka mitano kwenye treni na kubaki umesimama.

Alipokua ikaonekana kwamba akili yake ni ya hesabu. Shule ya wasichana aliyokuwamo haikuwa na mwalimu wa kumfikisha mbali katika somo hilo, ikabidi apewe idhini ya kwenda kulisoma katika shule ya wavulana. Akiwa na miaka 18 alipata uraia wa Uingereza, akabadilisha jina, na akaajiriwa katika kituo cha utafiti cha Posta, Dollis Hill, London. Mchana alifanya kazi, usiku akasoma, na kwa miaka sita ya masomo ya jioni akapata shahada ya hisabati. Kituo hicho ndicho kilichounda mashine iliyoitwa ERNIE, ya kuchagua nambari za washindi katika mpango mmoja wa akiba wa serikali ya Uingereza. Hukumu ya mpango huo si mada yetu leo, na tunawaomba wasomaji wasituandikie barua juu yake.

Katika utumishi wa serikali ya Uingereza wakati huo, mwanamke na mwanamume waliofanya kazi moja hawakulipwa sawa. Usawa ulianza kuletwa kidogo kidogo mwaka 1955, ukakamilika 1961. Hata hapo, madaraja ya wanawake waliokuwa wakiziendesha mashine za hesabu yaliachwa nje ya mpango huo, kwa hoja kwamba hakuna mwanamume afanyaye kazi hiyo wa kulinganishwa nao! Stephanie alisogea kiasi, kisha akagonga dari. Akahamia kampuni ndogo ya kompyuta, na huko nako alipotoa shauri juu ya biashara akaambiwa kwamba hayo hayamhusu, yeye ni wa ufundi tu.

Mwaka 1962, akiwa ameshaolewa na Derek Shirley, aliianzisha kampuni yake mwenyewe, mtaji wake ukiwa pauni 6. Ofisi yake ilikuwa meza ya kulia chakula nyumbani kwake. Bidhaa yake ilikuwa programu, nayo siku hizo haikuwa na bei: kampuni ziliuza mashine, na programu zikatolewa bure juu yake, mfano wa dagaa anaoongezwa mnunuzi na muuza samaki. Watu walimcheka kwamba anataka kuuza kitu kinachogaiwa bure, tena yeye ni mwanamke.

Aliowaajiri walikuwa wanawake mfano wake: waliosoma, wakafanya kazi ya kompyuta, kisha wakaiacha walipoolewa au walipotarajia mtoto, kwani ndivyo ilivyotazamiwa. Ujuzi wao ulikuwa umekaa kabatini. Katika watu 300 wa mwanzo wa kampuni hiyo, wanaume walikuwa watatu tu. Moja katika mambo waliyoulizwa wanawake hao wakiomba kazi ni hili: je, una simu unayoweza kuitumia?

Vijana wetu watashangaa jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Hao waandishi wa programu hawakuwa na kompyuta nyumbani, na kwa kweli hakuna mtu wa kawaida aliyekuwa nayo. Waliandika kwa penseli na karatasi. Kwanza walichora hatua za kazi moja baada ya nyingine, kisha wakaziandika kwa lugha ya mashine, halafu wakazitia katika bahasha na kuzipeleka kwa posta. Huko zilikofika zilitobolewa kwenye kadi au utepe wa karatasi, kisha zikatobolewa upya mara ya pili ili kuhakikisha kwamba hakuna kosa, na baada ya yote hayo ndipo zilipoikaribia kompyuta. Kwa njia hii walipanga safari za treni za mizigo na ratiba za mabasi, na wakaandika programu ya kuchambua kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde, ile iliyokuja kuruka kwa kasi kuliko sauti. Iko picha maarufu ya mwaka 1966 ya Ann Moffatt, mmoja wa wanawake hao, ameketi nyumbani mezani akiifanya kazi hiyo ya Concorde, na mtoto wake yuko kando.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tumkumbuke. Mwanzoni Stephanie aliandika barua nyingi kwa makampuni, akitia sahihi jina lake kamili, na majibu hayakuja. Mumewe ndiye aliyempa shauri: tia sahihi "Steve", jina la kiume. Majibu yakaanza kuja, na mteja alipokutana naye ana kwa ana na kugundua kwamba Steve ni bibi, alikuwa ameshaingia mazungumzoni. (Kina baba, shauri hilo lilitoka kwa mume. Mnaweza kuirudia sentensi hiyo.) Na kwa kuwa simu ya ofisi ilikuwa ndiyo simu ya nyumbani, na mtoto alikuwa akipiga kelele za mtoto, Stephanie alinasa kwenye kanda mlio wa mtu anayepiga taipureta kwa haraka. Kila simu ya kikazi ilipolia, kwanza aliiwasha kanda hiyo, kisha ndipo akapokea. Mteja alisikia ofisi yenye shughuli nyingi, na hapakuwa na ofisi wala mpiga taipu.

Yule binti wa Mji wa Kale hana kanda ya taipureta, ana kitufe cha kuzima sauti. Miaka sitini na zaidi imepita, mashine imekuwa ndogo hata inaingia mkobani, barua iliyochukua siku mbili sasa huchukua nukta moja, na bado mwanamke mwenye elimu yake anaificha nyumba yake kama kwamba ni kosa.

Lakini tusiishie hapo tukadhani kwamba Stephanie alifaulu kwa hila ya kanda. Kanda ilimfungulia mlango tu. Kilichoifanya kampuni isimame ni mpango wa kazi. Wateja hawakuuziwa saa za mtu, waliuziwa kazi nzima kwa bei iliyopatanwa kabla, na Stephanie alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuuza programu kwa namna hiyo. Alifanya hivyo hasa ili mteja asijue kwamba watenda kazi wanafanya saa chache, pengine mtoto akilala. Lakini tazama matokeo yake: mteja aliyelipia kazi iliyokamilika hakuwa tena na haja ya kuuliza nani aliketi wapi, kwa saa ngapi. Na kwa kuwa kila mtu katika kampuni alikuwa nyumbani kwake, hapakuwa na kundi la waliokaribu na mkubwa na kundi la waliosahauliwa. Wote walikuwa mbali, hivyo kila jambo ilibidi liandikwe, likaguliwe na lipimwe kwa karatasi.

Mwaka 1975 Uingereza ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa jinsia, na kampuni iliyoanzishwa kwa ajili ya wanawake ikalazimika kuwafungulia wanaume mlango. Stephanie mwenyewe alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa kicheko. Baadaye aliwapa wafanyakazi sehemu kubwa ya hisa zake, na kampuni ilipoingia katika soko la hisa la London mwaka 1996, watu wapatao 70 miongoni mwao wakajikuta ni mamilionea.

Tunarudi sasa kwenye zama zetu, na hapa tutakwenda haraka, kwani mengi mwayajua. Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliwafungia watu majumbani, na makampuni makubwa ya Marekani yaliyokuwa yakisema kwamba kazi haiwezekani nje ya ofisi yakaona inawezekana kwa wiki moja. Maradhi yalipopungua yakaanza kuwaita watu warudi. Amazon ilitangaza mwaka 2024 kwamba kuanzia Januari 2025 wafanyakazi wake wa ofisini warejee siku tano kwa wiki. Tangu hapo ugomvi haujatulia. Wakubwa wanasema vijana hawajifunzi bila ya kukaa na wazee wa kazi. Wafanyakazi nao husema wanaitwa ofisini kuhesabiwa tu, wakifika huko huketi na kuzungumza kwa kompyuta na wenzao walioko mji mwingine. Kila upande una ukweli wake.

Katika ugomvi huo kuna utafiti mmoja tunaouona kuwa wa maana kuliko kelele zote. Mtaalamu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Nicholas Bloom, na wenzake waliufanya na kampuni ya usafiri ya Ctrip, mjini Shanghai, kuanzia mwisho wa mwaka 2010. Wafanyakazi wa kupokea simu za wateja waliojitolea waligawanywa kwa tarehe za kuzaliwa: aliyezaliwa tarehe shufwa akapelekwa kufanyia kazi nyumbani, wa tarehe witiri akabaki ofisini. Kwa miezi tisa wakapimwa. Kazi ya waliokuwa nyumbani ilipanda kwa asilimia 13, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Kina baba walioanza kutabasamu wasubiri kidogo. Watafiti waliona pia kwamba ukiwalinganisha watu wa kiwango kimoja cha utendaji, aliyekuwa nyumbani alipandishwa cheo mara chache zaidi. Na majaribio yalipomalizika na kila mtu kupewa hiari, wengi katika waliokuwa nyumbani waliomba warudi ofisini. Upweke uliwashinda.

Mwaka 2024 Bloom na wenzake walichapisha utafiti mwingine wa kampuni hiyo hiyo, safari hii juu ya watu 1,612, wakiwemo waandishi wa programu. Kundi moja lilifanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, zilizobaki ofisini. Utendaji haukushuka, vyeo havikuathirika, na wanaoacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Waliofaidika zaidi ni wanawake, watu wasio na vyeo, na wenye safari ndefu ya kufika kazini.

Tuliyasoma hayo na kuutazama upya ule ushauri wetu wa miaka ile. Wazazi wengi wa pwani, nasi tukiwa miongoni mwao, huipenda kazi ya nyumbani kwa sababu moja tu, kwamba binti hatoki. Hatukuuliza kama ana mtu wa kuzungumza naye juu ya kazi yake, wala kama yupo mtu mkubwa wa fani anayemjua kwa jina na kuona juhudi zake. Hata mlango wa kufunga hatukuuliza. Tulidhani tumempa hifadhi, kumbe tumempa kazi mbili katika chumba kimoja, na kila kazi haiitambui mwenzake.

Baba mmoja wa Malindi alituandikia mwezi uliopita akisema bintiye anataka kwenda Nairobi kwa kazi ya programu, naye anamzuia kwa kuwa "kazi hiyo hiyo inapatikana mtandaoni." Jibu letu kwake ni kwamba si kazi hiyo hiyo. Pengine ni nzuri zaidi, pengine ni duni zaidi, na tofauti haiko katika mji. Amwulize bintiye maswali haya: katika kampuni hiyo ya mtandaoni, je, wote wako mbali, au yeye peke yake ndiye aliye mbali na wengine wako chumba kimoja? Atalipwa kwa kilichokamilika, au kwa kuonekana taa yake inawaka saa nane mfululizo? Yuko mtu wa kumfundisha? Akipata majibu mabaya, basi Nairobi, penye shangazi wa kufikia, huenda ikawa ndiyo hifadhi bora kuliko chumba cha ndani cha Malindi. Tunajua wapo watakaotukasirikia kwa neno hili. Ukurasa una nafasi ya barua zao.

Na wale ambao tayari wako nyumbani, deni lao liko kwetu sisi tunaoishi nao. Mavyaa anayetaka vitunguu vimenywe hana nia mbaya hata kidogo. Katika maisha yake yote, mtu aliye kazini alionekana: ameshika jembe au sindano, au amesimama nyuma ya meza ya duka. Mtu aliyeketi akiutazama ukuta wa mwanga huku vidole vikicheza, machoni pake anastarehe. Basi aelezwe. Aonyeshwe siku malipo yanapoingia kwamba vile vidole ndivyo vilivyolipa karo ya mtoto na dawa za bibi. Mume naye asisubiri kuombwa. Saa mbili za kumtoa mtoto Fort Jesus akatazame bahari zinaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya programu iliyokamilika na iliyojaa makosa.

Ijumaa iliyopita tulirudi kwa bibi, tukamsimulia yeye na mjukuu wake habari za Stephanie na kanda yake. Binti alicheka kwa taipureta, kisha akanyamaza. Alisema mkataba wake unarefushwa mwezi ujao, na akishatia sahihi ndipo atawaambia juu ya mtoto, si kabla. Hatukumlaumu. Stephanie naye alimwacha mteja aingie mazungumzoni kwanza.

Lakini bibi hakuwa akiifikiria kanda. "Huyo mtoto aliyekuwa akipiga kelele," akatuuliza, "alikuwaje?"

Tulitamani asiulize. Tukamweleza kwamba mtoto aliitwa Giles, alizaliwa 1963, naye alikuwa na usonji mzito. Maneno machache aliyokuwa ameyapata alipokuwa mdogo yalimpotea, hakusema tena. Mama huyo aliyeiendesha kampuni ya mamia ya watu alikuwa akirudi kwa mtoto asiyeweza kumwambia panapomuuma, na katikati ya miaka ya 1970 nguvu zilimwishia, akaugua kwa mzigo huo. Giles aliishi hospitalini miaka mingi, mpaka mamake alipoanzisha makao ya kumwezesha kuishi nje. Alifariki mwaka 1998 kwa kifafa, akiwa na miaka 35. Sehemu kubwa ya mali aliyoipata kwa programu mama huyo aliitoa kwa ajili ya watu wenye usonji, ikiwemo shule aliyoianzisha.

Bibi hakusema kitu kwa muda. Kisha akamwita mjukuu wake mdogo, akamchukua ile simu mkononi na kuifunika juu ya mkeka. "Njoo hapa," akamwambia, "unihesabie mahamri." Mtoto akaanza kuhesabu kwa sauti kubwa, moja, mbili, tatu, tano. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi, na kompyuta ilikuwa ikiita.